Anayekataa Maniema atalala wapi?

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo, kusini mwa Kindu, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa na umri wa miaka 30. Aliuawa na homa ya kupe, ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Vitabu vya tiba humsifu, na anastahili. Lakini safari yake iliacha jambo jingine lililowagusa Wakongo kwa muda mrefu zaidi: yeye na mwenzake, John Lancelot Todd, walishauri kwamba wagonjwa wa malale watambuliwe kwa kupapaswa tezi za shingoni, kisha watengwe. Utawala wa Leopold wa Pili, na baada yake ule wa Ubelgiji, ukalichukua shauri hilo kwa mkono wa dola. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo mmoja mmoja, na waliokutwa na ugonjwa wakapelekwa kambini. Dawa waliyodungwa, atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki, ikawapofusha baadhi yao. Hata kusafiri kukataka pasi ya afya.

Wapo watakaosema kwamba malale yalikuwa yakimaliza vijiji, na kwamba kusubiri ridhaa kungekuwa kuwaacha watu wafe. Hoja hiyo ni nzito. Ila shuruti ilijiharibia kazi yenyewe: watu walikimbia wapapasaji, na mgonjwa aliyejificha alibaki na vimelea vyake bila tiba yoyote. Ridhaa, basi, haikuwa anasa ya kusubiri siku za amani. Ilikuwa sehemu ya tiba, na haikuwapo.

Kanuni za maadili ya tiba zilikuja baadaye, tena zikamwangalia daktari kwanza. Chombo cha kusimamia madaktari nchini kiliundwa mwaka 1968, na maadili yao yakatangazwa kwa amri ya 30 Aprili 1970. Wauguzi, ambao katika vituo vingi vya afya vijijini ndio wanaompokea mgonjwa, walisubiri sheria ya chombo chao hadi mwaka 2016. Kwa karibu nusu karne, aliyeshika sindano kijijini hakuwa na chombo cha taaluma yake cha kumwajibisha.

Oktoba 2022, Maniema ilijaribiwa upya. Huko Tunda, na Kole katika jimbo la Sankuru, ulianza utafiti wa dawa ya tekovirimati dhidi ya ugonjwa wa mpox. Wagonjwa 597, watoto wakiwemo, walipewa ama dawa hiyo ama kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa bahati nasibu. Wengine huona ukatili katika kile kidonge kitupu. Mimi sioni: hakuna aliyejua kama dawa ingefaa, na Agosti 2024 ilitangazwa kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda. Waliofariki walikuwa asilimia 1.7 katika makundi yote mawili kwa pamoja, ilhali wakati huo nchini walikuwa wakifa asilimia 3.6 au zaidi ya wagonjwa wa mpox. Watafiti wenyewe walitaja sababu: wagonjwa walilazwa, wakalishwa vizuri, wakatibiwa maambukizi ya ngozi.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Fomu za ridhaa zilisainiwa, tofauti kabisa na enzi za kupapaswa shingo. Lakini ikiwa matunzo ndiyo yaliyookoa, mzazi aliyetia saini alichagua utafiti au alichagua kitanda? Kamati ya maadili itakayoletewa utafiti mwingine wa Maniema isome fomu baadaye. Kwanza ijibiwe, kwa maandishi na kwa bajeti, atakayekataa atatibiwa wapi na kwa pesa za nani.