Ugomvi wa Dadu, Ugomvi wa Leseni

Mezani kwetu hapa Minneapolis siku hizi hatuchezi sana, tunabishana. Mmoja anataka tuhamie vitabu vipya vya Dungeons & Dragons vilivyoanza kutoka mwaka 2024. Mwingine ameshanunua Daggerheart ya 2025 na kila akifika anaiweka mezani kabla hata ya kusalimia. Wa tatu, kijana wa Mombasa, hataki kusikia chochote ila Pathfinder. "Mzee wangu, mimi huko nishatoka tangu 2023. Sirudi." Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao, wananigeukia niamue. Nimekuwa nikiwajibu kwa historia mpaka wamenichoka, na ndiyo sababu leo ninaiandika.

Kwa asiyeujua mchezo: watu huketi pamoja, mmoja akiwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, awe mwizi, mchawi au mpiganaji. Msimulizi anasema mbele yenu kuna mlango wa chuma, mchezaji anasema anaufanyaje, dadu inaamua kama amefaulu. Hakuna mshindi. Hadithi ni yenu wenyewe, haiuzwi na mtu. Kinachouzwa ni kanuni: dadu ipi irushwe, lini, na namba gani inatosha.

Asili yake ni huku huku tunakoishi. Mwaka 1969, David Wesely, mmoja wa vijana wa Minneapolis na St. Paul waliokuwa wakicheza michezo ya vita kwa visanamu vya askari, aliwaandalia wenzake mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, zama za Napoleon. Badala ya kumkabidhi kila mtu jeshi, aliwagawia vyeo: huyu meya, huyu mwenye benki, yule mkuu wa chuo. Watu wakaanza kunong'onezana pembeni na kula njama, mambo yakavurugika, Wesely akaamini ameharibu jioni ya watu. Wao wakamwomba arudie. Mmoja wao, Dave Arneson, mwaka 1971 akaanzisha Blackmoor, ngome yenye mahandaki na mazimwi chini yake, akawa anatunga kanuni kadiri mchezo ulivyokwenda. Nyingine alizichukua kwenye Chainmail, kijitabu cha Gary Gygax na Jeff Perren. Mwishoni mwa 1972 Arneson alikwenda kumwonyesha Gygax kazi yake huko Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin. Gygax akaandika, na mnamo Januari 1974 TSR, kampuni aliyoianzisha na rafiki yake Don Kaye, ikatoa nakala 1,000 za Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, bei dola 10.

Vijitabu hivyo vilikuwa na mapengo ya ajabu. Vilimtaka mnunuzi awe na Chainmail, na hata ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa kampuni nyingine kabisa. Usichokielewa ulikijaza mwenyewe. Huko Phoenix, Ken St. Andre alivisoma, hakuridhika, akaandika Tunnels & Trolls iliyotoka 1975 na kutumia dadu za kawaida za nyuso sita, zile zinazopatikana kila duka. Vijana wa chuo cha Caltech, California, nao wakatunga kanuni zao wakaziita Warlock. Ilikuwa kama bao letu: kila kijiwe na taratibu zake, ukifika ugenini unauliza kwanza, kisha unacheza. Ila bao halina mwenyewe. Mchezo huu ulikuwa na mwenyewe, tena alikuwa na mhasibu.

Arneson aliondoka TSR mwishoni mwa 1976. Kati ya 1977 na 1979 kampuni ikatoa Advanced Dungeons & Dragons, vitabu vinene vyenye jina la Gygax peke yake. Gygax aliandika waziwazi kwamba huu ni mchezo mwingine, si ule wa 1974 uliopanuliwa. Wachezaji wengi walimsadiki, wakaanza kuwadharau waliobaki na boksi la mwanzo. Wachache walijua kwamba neno "mwingine" lilikuwa na bei: Arneson alikuwa akidai mrabaha, na kama mchezo ni mwingine, hana chake. Alifungua kesi 1979, wakapatana 1981. Sisemi mrabaha ndiyo ilikuwa sababu pekee. Gygax alitaka pia kanuni moja ili mashindano yaendeshwe kwa haki, na hilo lilikuwa na maana. Lakini TSR iliendelea kuuza michezo miwili sambamba hadi miaka ya 1990, na watoto wa Wisconsin wakawa wanabishana juu ya ukuta uliojengwa, kwa sehemu, na mawakili.

Toleo la pili la 1989 nalipita haraka. Gygax alishapoteza kampuni tangu 1985, majina ya mashetani yaliondolewa ili kuwatuliza wazazi wa kanisani, watu wakanung'unika, wakanunua.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa la dadu. TSR ilinunuliwa mwaka 1997 na kampuni ya Wizards of the Coast, na toleo la tatu lilipotoka 2000 lilikuja na leseni huria iliyopiganiwa na Ryan Dancey wa kampuni hiyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: waache wengine wachapishe visa na viumbe kwa kanuni zetu bila kutulipa, wasomaji wao watanunua vitabu vyetu vya msingi.

Ndipo tunafika 2008, mwaka wa uhasama. Toleo la nne lilikuwa limefumuliwa upya, na leseni yake mpya ilikuwa inabana. Kampuni ya Paizo, iliyokuwa ikichapisha majarida ya Dragon na Dungeon hadi mkataba wake ulipokwisha 2007, ikakataa kuhama. Ilizichukua kanuni za toleo la tatu chini ya leseni ile ya 2000, ikazirekebisha, na Agosti 2009 ikatoa Pathfinder. Katika duka nililokuwa nikichezea kulikuwa na meza mbili usiku mmoja, na ukikaa hii, ile haikusalimii. Wa Pathfinder walisema toleo la nne ni mchezo wa kompyuta uliochapishwa kwenye karatasi. Mimi nililipenda na bado nalitetea: kwa mara ya kwanza mpiganaji alikuwa na mambo mengi ya kufanya kama mchawi. Lakini ubora si hoja hapa. Wa 1989 waliweza kununa tu. Wa 2008 walikuwa na haki ya kuchapisha manung'uniko yao na kuyauza.

Toleo la tano la 2014 liliwapatanisha wengi. Kisha Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast. Ilitaka kuifuta ile ya 2000 na kudai asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Watu walifuta kwa hasira usajili wao kwenye huduma ya mtandaoni ya Wizards, na Paizo ikatangaza kwamba akiba ya vitabu iliyotarajiwa kutosha miezi minane imekwisha kwa wiki mbili. Kijana wangu wa Mombasa alikuwa miongoni mwa wanunuzi hao. Mwezi haujaisha, Wizards ikarudi nyuma, lakini kampuni ya Kobold Press ilishaamua kuandika kanuni zake, Tales of the Valiant. Zikafuata Draw Steel ya MCDM, ya dadu mbili za nyuso kumi, na Daggerheart, ambayo dadu zake mbili za nyuso 12 moja ni ya Matumaini na nyingine ya Hofu.

Kwa hiyo vijana wangu, mkinibana niamue, jibu langu ni hili: chezeni Daggerheart miezi mitatu, kwa sababu aliyeinunua ameshalipa, kisha tuone. Kati ya michezo hii hakuna ulio mbovu kiasi cha kununiana.

Na kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi nina neno moja. Tarehe 27 Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kufutwa, na mwaka 2025 zile zilizorekebishwa zikawekwa vivyo hivyo. Unaruhusiwa kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzichapisha na kuziuza. Taja chanzo, basi.