CHAKULA CHA MSIMU NA UKOMBOZI WA VISIWANI: FUNZO LA HISTORIA

Tunapofundisha siasa ya kujitegemea, mara nyingi tunaanza na viwanda, mabenki na biashara ya nje. Ni nadra kuanza na chungu cha mkulima. Lakini historia ya Unguja na Pemba inathibitisha kwamba swali la nani analima, analima nini na nani anakula ni swali la kisiasa. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi visiwa vilivyolisha wengine vilivyogeuzwa kuwa vya kulishwa.

Kabla ya Karafuu

Kabla ya karne ya 19, Pemba ilikuwa ghala la Mombasa. Hata Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walitegemea mchele wake. Wakulima wa mwambao walikuwa na elimu yao ya majira: walihesabu mwaka kwa miongo, yaani siku kumi kumi tangu Nairuzi, ambayo Makunduchi huiadhimisha hadi leo kwa Mwaka Kogwa. Hesabu hiyo iliwaongoza katika kilimo na katika uvuvi. Muhogo ulikaa ardhini kama akiba. Majimbi, viazi vikuu, ndizi na kunde vilipokezana kwa zamu zake. Tusidanganyike kwamba hapakuwa na njaa wala unyonyaji. Lakini ufunguo wa ghala ulikuwa mikononi mwa waliolima.

Karafuu na Utegemezi

Chini ya utawala wa Sayyid Said, mashamba makubwa ya mikarafuu yalienea. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha 1872 kilipoangamiza mikarafuu ya Unguja, uzito wa kilimo hicho ukahamia Pemba.

Hapa tuchambue kwa makini. Mkarafuu hupendelea vilima, na mpunga mabonde. Kwa hiyo jambo la msingi halikuwa mti kuufukuza mpunga. Kilichotekwa ni nguvu kazi, kwanza ya watumwa, na baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa, ya vibarua na maskwota. Jasho lililoweza kujaza ghala lilijaza magunia ya karafuu kwa ajili ya soko la nje, na meli zikarudi na mchele wa Asia. Hivyo wali wa mchele wa kununua ukawa alama ya heshima, na muhogo ukaitwa chakula cha maskini. Dharau hiyo haikuletwa na ladha; ililetwa na mfumo wa uchumi.

Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na mchele wake ukakatika. Serikali ya kikoloni, ambayo kwa miaka mingi ilitukuza karafuu, ikawahimiza watu walime chakula. Ikagawa chakula kwa mgao uliofuata asili ya watu, na Mwafrika akawekwa nyuma katika haki ya mchele. Aliyeokoa maisha ya wanyonge wakati huo ni ule muhogo uliodharauliwa.

Mapinduzi na Kujikosoa

Mapinduzi ya 1964 yaliiweka ardhi mikononi mwa umma, na kuanzia 1965 wakulima waligawiwa eka tatu tatu. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo ni wajibu wetu kujikosoa. Ardhi ilibadili mikono, lakini uchumi uliendelea kuegemea karafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, uagizaji wa chakula ulipobanwa, wananchi walipata dhiki na foleni. Funzo ni kwamba bandari haifungwi kabla ghala halijajaa.

Hadi leo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Visiwani huja kwa meli. Mwaka 2008 bei ilipopanda duniani, na mwaka 2023 India ilipozuia uuzaji nje wa mchele mweupe usio basmati, tulikumbushwa tena somo la 1942.

Wajibu Wetu

Hatusemi wananchi waache wali. Tunasema mabonde ya Cheju na Bumbwisudi yapewe maji na pembejeo kwa wakati, mkulima apate bei ya haki, na majiko ya umma yanunue kwanza mazao ya msimu yaliyo karibu. Mahoteli ya kitalii nayo yafungue milango kwa mboga na matunda ya vijiji vinavyoyazunguka.

Na sisi wakufunzi tuanze na nafsi zetu. Asubuhi tunafundisha kujitegemea. Mchana tunakula wali wa mchele wa ng'ambo, na shelisheli zinaoza chini ya miti ya jirani. Mwanafunzi anasikia somo letu, lakini pia anaiona sahani yetu. Siku atakapoona humo muhogo kwa papa bila sisi kuona haya, somo litakuwa limeanza kueleweka.