Reli Iliyong'olewa Singida

Nilirejea Singida Mjini mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na sanduku moja la nguo na madaftari mawili matupu, baada ya binti niliyekuwa nimemposa Dodoma kunirudishia pete kwa mkono wa dada yake, pasipo neno wala waraka. Na kwa kuwa jamaa walikuwa wakitafuta mtu wa kukaa na bibi yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia, nilikabidhiwa yeye, au, kama alivyopenda kusema mwenyewe, yeye ndiye aliyekabidhiwa mimi.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi lililodumu. Mimi sikufiwa, niliachwa tu, na hata barua ilinishinda. Basi nilipika uji wa uwele alfajiri, nikaupoza, nikamkanda Bibi miguu kwa mafuta ya alizeti yaliyotiwa moto kidogo, kisha nikamtoa barazani apigwe na upepo wa Ziwa Singidani. Siku ya tatu aliniagiza nimletee chuma chake cha kupondea karanga. Nilikikuta nyuma ya mtungi: bolti nene, urefu wake shibiri kasoro kidogo, kichwa kimelika upande mmoja kwa miaka mingi ya kazi.

"Hiyo ni ya treni, mume wangu," akasema, kwa utani ule ambao bibi zetu wana haki nao juu ya wajukuu wa kiume. "Waliiangusha walipokuwa wakiing'oa reli."

Nilidhani umri umemchanganya, kwani reli ya Singida niijuayo mimi ilijengwa miaka ya 1990. Kumbe mchanganyikiwa nilikuwa mimi. Wajerumani walipoijenga Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, waliipitisha kusini, kwa Manyoni na Itigi, wakaiacha mbali nchi ya Wanyaturu, ambao kwa lugha yao hujiita Arimi. (Bibi hushikilia kwamba wahandisi waliwaogopa nyuki wa Liti, yule mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye kiwanja chetu cha mpira sasa kina jina lake. Mimi sithubutu kuliandika hilo kama historia, wala sithubutu kulikanusha mbele yake.) Waingereza ndio waliokuja kutia tawi, mapema katika miaka ya 1930, kutoka Manyoni kupitia Singida hata Kinyangiri, ndani ya nchi ya Wanyiramba, kwa tamaa ya kuyafungua mashamba ya bara hii na kupata shehena ya kuilisha reli kubwa.

Wakati ulikuwa mbaya. Bei za mazao zilikuwa zimekwisha kuporomoka ulimwengu mzima tangu anguko la mwaka 1929, na hata lau zisingeporomoka, sioni ni shehena gani iliyotarajiwa kwa watu ambao uwele na mtama wao aghalabu ulikuwa wa chungu chao wenyewe, na ambao mali yao ilikuwa ng'ombe, wa maziwa na wa mahari. Na ng'ombe hana haja ya behewa, maana ana miguu. Mzigo haukutosha kulipa gharama. Katika miaka ya 1940 tawi likafungwa, na vyuma na mataruma vikang'olewa, likabaki tuta tupu.

Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka kwamba watoto waliwafuata vibarua kwa nyuma wakiokota kilichoanguka, na kwamba baba yake, ambaye ujanani aliubeba kichwani udongo wa tuta lile, hakwenda kutazama. Alikaa akisuka kamba ya kufungia ndama, na alipoulizwa alijibu kwamba chuma ni chao, tuta ni letu, na wiki iliyofuata akapita juu yake na mbuzi wawili kwenda mnadani, miguu mikavu, ilhali chini mbuga imejaa tope.

"Watu walihuzunika sana, Bibi?"

Alitafuna karanga kwanza, kwa upande wenye meno. "Mvua ilichelewa mwaka ule. Nani alikuwa na nafasi ya kuililia treni?"

Akaninyoshea mguu wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kuukanda.

Reli ilirudi, kama nilivyosema, kilomita zipatazo 115 kutoka Manyoni, nayo ikaishia hapa mjini. Kinyangiri haikufika tena. Usiku ule nililifungua daftari la kwanza, ambalo nilikuwa nimelinunua kwa nia ya kumwandikia mtu wa Dodoma malalamiko yangu yote kwa taratibu, nikaandika juu ya ukurasa jina la Manyoni, na chini yake maneno ya Bibi kama alivyoyatamka, na bolti nikailaza juu ya karatasi zisipeperuke. Daftari hilo limekwisha kujaa.

Waliokuwa watoto siku zile reli iking'olewa wamebaki wachache, baina ya Manyoni na Kinyangiri, nao hulala mapema. Anayetaka kuwauliza na aende asubuhi, baada ya uji.