Gurudumu la Vienna na Mabehewa Yasiyorudi

Historia aghalabu hutafutwa katika majumba ya wafalme, katika ngome na katika makaburi ya mashujaa. Ni nadra kuitafuta mahali pa mchezo. Hata hivyo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba chombo kilichojengwa ili watu wafurahi chaweza kuhifadhi habari nzito. Chombo chenyewe ni gurudumu kubwa la kubembea lililomo katika Prater, bustani ya burudani ya mji wa Vienna, nchini Austria.

Prater ilikuwa pori la watawala la kuwindia, hata mwaka 1766 Kaizari Joseph wa Pili alipoifungua kwa watu wote. Mwaka 1897, katika shamrashamra za jubilei ya miaka 50 ya utawala wa Kaizari Franz Joseph, mhandisi Mwingereza Walter Bassett alisimamisha humo gurudumu la chuma lenye kimo cha karibu meta 65. Ukingoni mwake yalining'inizwa mabehewa 30 yenye madirisha, mfano wa mabehewa ya gari moshi. Gurudumu likizunguka, kila behewa hubaki wima kwa uzito wake lenyewe, na mwendo wake ni wa taratibu kuliko mtu atembeaye kwa miguu.

Gurudumu hilo halikuwa la kwanza. La kwanza la namna hiyo lilijengwa na George Ferris katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, likavunjwa kwa baruti mwaka 1906. La London lilidumu tangu 1895 hadi 1907, na la Blackpool tangu 1896 hadi 1928. Hata la Vienna lilikwisha kuhukumiwa: mwaka 1916 kibali cha kulibomoa kilitolewa, lakini fedha za kuifanya kazi hiyo hazikupatikana. Basi ukata ndio ulioliokoa.

Mwaka 1919 mfanyabiashara mmoja Myahudi, Eduard Steiner, alilinunua kwa nia ya kulibomoa auze chuma chake. Badala yake alilikodisha, nalo likaendelea kuzunguka. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliitwaa Austria, na mali za Wayahudi zikanyakuliwa. Steiner naye akapokonywa gurudumu lake. Mwaka 1944 aliuawa katika kambi ya Auschwitz. Mtu aliyekinusuru chombo hakupata wa kumnusuru yeye.

Vita havikuliacha gurudumu salama. Liliungua, mabehewa yakateketea, yakabaki mifupa ya chuma. Watu wa Vienna walilitengeneza upya, na mwaka 1947 likazunguka tena. Lakini ilihofiwa kwamba chuma kilichopitiwa na moto hakingeweza kustahimili mzigo wa zamani. Kwa hiyo yalirudishwa mabehewa 15 tu, nusu ya yale ya awali. Mwaka 1949 ulimwengu uliliona katika filamu ya Carol Reed, "The Third Man", ambamo mlanguzi wa dawa bandia anawatazama watu walio chini kana kwamba ni nukta tu zisizo na thamani. Mwaka 1953 gurudumu lilirudishwa kwa warithi wa Steiner. Mwenyewe hakurudi.

Hatusemi kwamba mabehewa 15 yaliachwa ili kuwakumbuka waliouawa. Sivyo, yaliachwa kwa ajili ya usalama, na ukweli wa historia wataka tuseme hivyo. Lakini pengo ni pengo. Mgeni asiyejua habari huona nafasi pana kati ya behewa na behewa, akadhani kwamba ndivyo fundi alivyopenda tangu mwanzo. Ajuaye huona katika nafasi ile moto, vita, na jamii iliyokubali jirani zake wanyang'anywe mali, kisha uhai.

Sisi walimu twafundisha historia kwa kuwaonyesha wanafunzi vitu vilivyobaki. Yatupasa pia kuwazoeza kuuliza ni nini kilichokuwapo ambacho sasa hakipo, na ni nani aliyekuwa mwenyewe. Wageni wangali wanapanda gurudumu la Vienna, na watoto hucheka humo kama walivyocheka mwaka 1897. Na wacheke. Lakini yuko mtu mzima anayewashika mkono; huyo ndiye apaswaye kuyahesabu mabehewa.