Kisiki kinachochipua

Vijana wenzangu, hapa Nyakabuye kuna msitu mdogo, Cyamudongo. Zamani uliungana na Nyungwe. Watu walikata miti wapate kuni na mashamba, sasa umebaki kama kisiwa, na sokwe wako ndani. Wazee wanakumbuka pia Goma 1994: wakimbizi walikosa kuni, wakaingia msitu wa Virunga na mapanga. Basi sisi tupikie nini?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari walileta mikaratusi Rwanda, ile tunaita inturusu. Ukiikata, kisiki kinachipua tena: unapata kuni, makala, nguzo, mbao. Ila inakunywa maji sana, usiipande karibu na chemchemi. Tukate kinachochipua, tuache Cyamudongo isimame.