Mali Kauli: Wanawake Wachuuzi wa Mtaji Mdogo katika Historia ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu maneno machache: chuuza, ntilie, upatu, kikoba, kula mtaji na mali kauli. Yote ni maneno ya biashara ndogo, na kwa sehemu kubwa yamelelewa vinywani mwa wanawake wanaoanza siku na fedha inayoweza kufungwa katika pindo la kanga. Historia ya Kiswahili tuliyozoea kuifundisha hufuata misafara ya wafanyabiashara wakubwa, kamusi za wamisionari, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na mabaraza yaliyofuata baada ya uhuru. Historia hiyo ni ya kweli, lakini imeandikwa kutoka upande wa wenye ofisi. Aliyekaa nyuma ya jiko la mkaa haonekani humo, ijapokuwa ametuachia msamiati tunaoutumia kila siku.

Hoja yangu ina sehemu mbili. Kwanza, wanawake wa mtaji mdogo wamejenga katika Kiswahili mfumo kamili wa istilahi za fedha, wenye dhana za mtaji, mzunguko, akiba, deni na dhamana. Pili, majina ambayo dola imewapa wanawake hao yamekuwa yakichangia kuamua kama kazi yao ihesabiwe kuwa kazi au isihesabiwe. Nitafuata mpangilio wa wakati, na mifano yangu mingi itatoka Zanzibar na Dar es Salaam.

2.0 Vyungu na vibaba

Kitenzi chuuza maana yake ni kuuza kidogo kidogo, na anayefanya hivyo ni mchuuzi. Neno hili tulitofautishe na biashara, ambalo asili yake ni Kiarabu na linaunganisha dhana za kuuza na kununua. Mfanyabiashara tunamfikiria akiwa na ghala, hati na jahazi. Mchuuzi tunamfikiria akitembea na bidhaa yake mwilini, kichwani au mkononi.

Mchuuzi mashuhuri kuliko wote katika historia ya utamaduni wetu ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika jamaa ya watu wa nasaba ya utumwa, na katika ujana wake aliuza vyungu akivipeleka mjini na kuvinadi. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo katika santuri. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alituonyesha mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa rasilimali ya kwanza isiyohitaji mkopo. Tukumbuke kwamba kunadi ni tendo la lugha. Muuza vyungu asiyejua kuita, kusifu bidhaa na kujibu utani wa mnunuzi alirudi na vyungu vyake kijijini. Mafunzo ya msanii huyo yalianzia katika uchuuzi.

Enzi hiyo nafaka iliuzwa kwa pishi na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ilizaliwa katika mazingira ambamo kibaba kilikuwa chombo kinachoshikika, wala si tamathali ya usemi. Mizani ilipokuja kutawala madukani, sokoni kulibaki kipimo kingine ambacho hakina uzito maalumu: fungu. Fungu la nyanya au la dagaa hupimwa kwa jicho na huuzwa kwa bei inayolingana na sarafu iliyo mikononi mwa watu. Bei ya jumla inapopanda, mara nyingi mchuuzi haongezi bei ya fungu. Hupunguza idadi ya nyanya. Kwa njia hiyo mnunuzi mwenye shilingi chache haondoki mikono mitupu, na mchuuzi hapotezi mteja. Akitaka kumfunga mteja huyo, humwekea nyongeza. Mambo hayo matatu, yaani bei, kipimo na uhusiano, yanashughulikiwa kwa pamoja katika fungu moja.

3.0 Kutoka TANU hadi nguvukazi

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000, alianza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU. Aliwafuata katika vikundi vyao vya ngoma, ambamo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, alikusanya simulizi za maisha zinazoonyesha kwamba wengi wao walijitegemea kwa biashara ndogo, hasa za vyakula na pombe. Jambo hili lina maana kubwa. Mwanamke aliyekuwa na fedha yake, hata kama ilikuwa senti chache, alikuwa na wakati wake pia, na aliweza kununua kadi ya chama bila kumwomba mtu.

Hata hivyo, baada ya uhuru lugha ya siasa haikumpa mchuuzi nafasi nzuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwatukuza mkulima na mfanyakazi. Mchuuzi hakuwa mkulima, na hakuwa na mwajiri. Uchumi ulipodidimia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mishahara ilishindwa kulisha nyumba, na wanawake wengi walianzisha shughuli za kuuza maandazi, barafu, nguo na chakula kilichopikwa. Waliziita miradi. Uteuzi wa neno hilo ulikuwa wa busara: mradi lilikuwa neno la serikali, lenye harufu ya maendeleo, na lilimkinga msemaji asiitwe mlanguzi.

Kinga hiyo ilihitajika. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mtu awe na kazi inayotambulika, na katika misako ya mijini wachuuzi wengi walihesabiwa kuwa wazururaji. Lakini maisha yaliishinda kamusi ya sheria. Leseni ndogo zilizotolewa kwa wachuuzi baadaye ziliitwa leseni za nguvukazi. Neno lililotumika kumfukuza mchuuzi barabarani likageuka kuwa jina la karatasi iliyomruhusu kukaa.

Katika kipindi hicho hicho lilienea jina la mama ntilie. Wanaisimu tunapaswa kulitazama kwa makini. Kitenzi chake ni tia, katika kauli ya kutendea: tilia, ambapo sauti /l/ iliyodondoka katika umbo la leo inarejea. Kiambishi ni- ni cha mtendewa, na irabu -e ya mwisho ni ya amri ya upole. Katika usemi wa mitaani ni- imefupishwa ikawa n-. Kwa hiyo jina hili ni sentensi nzima iliyogandishwa ikawa nomino: mama, nitilie. Anayesema ni mteja, mara nyingi kibarua mwenye njaa na sahani mkononi. Muuzaji ametajwa kwa ombi la mlaji, na wala hakutajwa kwa kazi aifanyayo.

Baadaye lilitokea jina la mama lishe, lililopendwa zaidi katika hotuba na nyaraka. Mzizi wake ni la, uliozaa lisha na kisha lishe. Hapa mwanamke ndiye mtenda: yeye ndiye alishaye. Siku hizi husikika pia baba lishe, jambo linaloonyesha kwamba jina hili limekuwa la kazi, na halimtaji tena mwanamke peke yake. Sioni sababu ya kulibeza jina la zamani, kwa kuwa lina ukaribu na utani ambao jina jipya limeupoteza. Lakini ni rahisi zaidi kuandika mama lishe katika daftari la halmashauri kuliko kuandika ombi la mteja mwenye njaa.

4.0 Upatu na kikoba

Neno upatu lina maana mbili. Ni sahani ya shaba inayopigwa katika ngoma, na pia ni mchango wa fedha unaotolewa na wanachama kisha kuchukuliwa na mmoja wao kwa zamu. Watu husema wanacheza upatu. Kenya shughuli za namna hii hufanywa katika kile kinachoitwa chama. Upatu hauna riba, hauna ofisi wala dhamana ya nyumba. Dhamana yake ni kwamba wanachama wanafahamiana, na atakayepokea kisha akatoroka atakuwa amejifukuza katika mtaa wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulienea Tanzania mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa uliopewa jina la VICOBA, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii za vijijini. Chimbuko la mfumo huo ni vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991. Wasemaji wa Kiswahili walipoisikia VICOBA, walitambua vi- ya wingi, wakaunda umoja wake: kikoba. Na neno kikoba tayari lilikuwapo, likiwa na maana ya mkoba mdogo. Kifupisho cha kigeni kikapata ngeli, kikapata umoja na wingi, kikapata pia picha inayofaa kabisa, ya mfuko mdogo wa fedha. Hakuna kamati iliyoketi kufanya kazi hiyo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya namna hii katika daraja la nne, na kuvitaka visajiliwe. Utaratibu wa mikopo ya halmashauri isiyo na riba nao ulitenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni hatua ya maana. Lakini sharti la kundi na andiko la mradi limefanya lugha yenyewe iwe mlango: anayejua kuandika mpango wa biashara kwa istilahi za maofisa hupita, na anayejua biashara kwa istilahi za soko hubaki nje.

5.0 Kula mtaji na mali kauli

Tuzitazame sasa istilahi hizo za soko. Tuchukulie mama auzaye vitumbua kwa mtaji wa shilingi 30,000. Jioni ana shilingi 38,000. Faida ni 8,000; anatoa 5,000 za chakula cha nyumbani, na zinazobaki huenda kwenye upatu na dharura. Mtaji haujaguswa, na kesho utazungushwa tena.

Siku moja mtoto anaugua na matibabu yanahitaji shilingi 12,000. Akitoa pia 5,000 za chakula, anabaki na 21,000. Hapo mwenyewe atasema: nimekula mtaji. Kitenzi kula kinabainisha kwa usahihi kile ambacho vitabu vya uhasibu hueleza kwa aya nzima: kilichopaswa kuzaa kimetumiwa. Pengo ni shilingi 9,000. Anakwenda kwa mwenye duka la mchele na kuchukua bidhaa ya thamani hiyo kwa mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la kinywa, italipwa ikishauzwa. Siku inayofuata anauza kwa 38,000, analipa 9,000, anatoa 5,000 za nyumbani, anabaki na 24,000. Akikopa tena 6,000, kisha 3,000, na akikubaliwa na wenzake kuahirisha mchango wa upatu, siku ya tatu jioni ana 30,000 yake kamili.

Tulinganishe na njia nyingine, ambayo katika miaka hii imepewa jina la mikopo ya kausha damu. Fedha hupatikana haraka, lakini riba huongezeka upesi na vyombo vya nyumbani huchukuliwa deni linapochelewa. Jina hilo nalo limetungwa na wakopaji wenyewe, na linatoa hukumu. Msamiati wa soko, kwa hiyo, una daraja za mikopo: mali kauli unaomheshimu mkopaji, kikoba kinachomshirikisha, na kausha damu inayommaliza. Anayejua maneno haya matatu anajua kuchagua.

Nawaomba wanaisimu wenzangu waitafakari istilahi mali kauli. Katika sarufi, kauli ni namna ya kitenzi kueleza uhusiano wa mtenda na mtendwa. Sokoni, kauli ni neno la mtu linalosimama mahali pa fedha. Muuza vitumbua hana hati ya nyumba, lakini ana historia ya kutimiza alichosema. Hiyo ndiyo rasilimali yake, na inajengwa kwa miaka katika eneo moja, miongoni mwa watu wanaomfahamu.

6.0 Hitimisho

Tukilitambua hilo, tutaelewa pia gharama ya kumhamisha mchuuzi. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vilimpa mchuuzi jina la heshima. Mjasiriamali ni neno lililoundwa kwa kuunganisha jasiri na mali. Oktoba 2021 wachuuzi waliondolewa pembezoni mwa barabara katika miji mikuu na kuelekezwa maeneo mengine. Meza na sufuria vinahamishika. Mali kauli haihamishiki kwa urahisi, kwa maana mwenye duka la mtaa mpya hajawahi kuisikia kauli ya mgeni huyo. Mpango wowote wa kuwahamisha wachuuzi usiohesabu hasara hiyo umehesabu nusu tu ya mtaji wao.

Kwa upande wetu sisi wa vyuo, yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuziingiza istilahi hizi katika kamusi zikiwa istilahi za fedha, zenye fasili kamili, badala ya kuziacha kama misemo ya mitaani. La pili ni kuandika mafunzo ya biashara ndogo kwa kuanzia na maneno haya. Mwanamke anayejua kula mtaji ni nini hahitaji kufundishwa upya dhana hiyo kwa jina la kigeni; anahitaji daftari, kalamu, na mwalimu aliye tayari kuandika hesabu kwa lugha ambayo mwanafunzi wake ameitumia miaka yote. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kuanzia kwenye genge la jirani, mradi tu wasichelewe: kazi ya huko huanza kabla ya alfajiri.