Mtoto Huulizwa Lini?

Mwaka 1836, George Norton wa London aliwachukua wanawe watatu na kumzuia mama yao, Caroline, kuwaona. Mama hakuwa na pa kushtaki, kwani sheria ya Uingereza ilimpa baba watoto wa ndoa, hata anyonyaye. Katika shauri la De Manneville la 1804, majaji walikuwa wamekataa kumrudishia mama kichanga wa miezi minane. Caroline alipigana kwa kalamu hadi ikapatikana sheria ya 1839, iliyomruhusu mama kuomba kukaa na mtoto wa chini ya miaka 7, mradi hajathibitika kuzini. Wanawe walikuwa Scotland, ambako sheria hiyo haikufika.

Singida, Tanzania, haikuhitaji jaji kulijibu swali la mtoto ni wa nani, na majirani wawili walilijibu tofauti. Kwa Wanyaturu, ukoo hufuata baba. Ng'ombe wa mahari wakishatoka zizini, watakaozaliwa huhesabiwa wa upande wa mume. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, ukoo hufuata mama, na hata utawala ulirithiwa na mpwa kutoka kwa mjomba wake. Huko baba hulea, lakini ukoo wa mtoto ni wa mama.

Pwani, makadhi wa madhehebu ya Shafi walifuata njia ya tatu. Wazazi wakiachana, malezi ni ya mama hadi mtoto afikie umri wa kupambanua, takriban miaka 7. Hapo mtoto mwenyewe huchagua wa kukaa naye, na baba hubaki na wajibu wa matunzo.

London, Mnyaturu na Mnyisanzu wanapishana kuhusu mwenye haki, ila wote wanauliza jambo moja: mtoto ni wa nani? Kadhi naye anauliza mtoto anataka kukaa na nani. Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko ile ya baba na mama, kwa sababu ndiyo inayomtoa mtoto katika hesabu ya mali na kumfanya mtu mwenye kauli.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 imezibeba mila hizi zote. Kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wa mtoto, kisha kinaitaka mahakama izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii husika. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hiyo wazee wa ukoo wanaposimama mbele ya hakimu Singida kuhesabu ng'ombe, wasikilizwe, maana mtoto anahitaji ukoo. Lakini ng'ombe hawawezi kueleza nani humwamkia mtoto usiku anapougua, wala nani humpeleka shule. Mtoto anaweza, na sheria imeshampa nafasi ya kusema. Aulizwe kabla hukumu haijaandikwa.